Giza la Ijumaa: Je, upepo wa Turkana ndio wa kulaumiwa?

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, nilikuwa Kamakis. Kwa msomaji wa Kisauni au Msambweni ambaye hajafika huko, Kamakis ni pale barabara ya Eastern Bypass inapokaribia Ruiru, kaunti ya Kiambu. Ni mahali pa nyama choma. Moshi wa makaa hauishi, magari yamepangwa kando ya barabara, na wikendi watu hutoka Nairobi na Thika kuja kula hapo. Mpwa wangu ana kibanda cha nyama halali na maji ya matunda upande mmoja wa barabara hiyo, nami nilikuwa nimepita kumjulia hali.

Saa nne kasorobo usiku taa zikazimika. Hakuna aliyeshtuka. Umeme kupotea Ruiru ni jambo la kawaida, kama ilivyo kwetu Likoni. Lakini simu zikaanza kulia. Mke wangu Mombasa akasema kwao giza. Rafiki aliye Malindi, giza. Mteja aliyekuwa mezani akapigiwa na ndugu yake wa Kisumu, naye yumo gizani. Hapo ndipo tukajua kwamba nchi nzima imezimika.

Ndani ya dakika chache Kamakis ikaanza kunguruma kwa jenereta. Mpwa wangu naye akavuta kamba ya jenereta yake ndogo, taa zikawaka. Kila friza iliposhika kazi, taa zilififia, injini ikaguna, kisha ikajikaza na taa zikarudi. Tukazoea. Mara mteja akaagiza juisi ya maembe. Blenda ikawashwa wakati uleule friza ilipokuwa inashika, na injini ikazidiwa, ikakohoa, ikafa. Tukapata giza la pili ndani ya giza la kwanza.

Kesho yake asubuhi, baada ya kusoma habari kwenye simu, kijana akaniuliza: "Mjomba, wanasema ni stima ya upepo kutoka Turkana iliyoangusha Kenya yote. Sasa si waizime tu, tukae na ile ya maji na ile ya mvuke?"

Swali hilo nimelibeba tangu siku ile. Nilisomea mambo ya umeme kwa kiwango cha stashahada, kwa hiyo sijidai kuwa mhandisi bingwa. Lakini nimelifuatilia, na naona jibu lake linatuhusu sana sisi wa Pwani, tulio mwisho wa waya na tunaoambiwa kila mara kwamba upepo wa bahari yetu nao utafungwa mitambo.

Kilichosemwa na waliosema

Baada ya giza lile, kampuni ya Kenya Power ilieleza kwamba mfumo ulianguka kufuatia kupotea kwa umeme kutoka mradi wa Lake Turkana Wind Power, ulioko Loiyangalani, kaunti ya Marsabit. Wenye mradi wakajibu kwamba mambo yalikuwa kinyume chake. Walisema mitambo yao ilikuwa ikitoa megawati 270, takriban asilimia 15 ya umeme wa nchi wakati ule, na kwamba ilijizima yenyewe kwa sababu volteji ya gridi ya taifa ilikuwa imepanda kupita kiasi. Yaani gridi iliugua kwanza, na mitambo ikajitoa ili isiungue.

Wakati wakubwa wakirushiana lawama, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikuwa umeingia gizani pia, jenereta zake zikashindwa kuhudumia sehemu zote. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi hadharani, na mkurugenzi wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa. Sehemu nyingine za nchi zilikaa karibu siku nzima bila umeme.

Haikuishia hapo. Novemba 2023, giza. Desemba 2023, giza. Mei 2024, giza. Ijumaa ya tarehe 30 Agosti 2024, giza tena. Na Ijumaa iliyofuata, tarehe 6 Septemba 2024, ikawa zamu ya asubuhi. Saa tatu kasoro dakika nne, kwa maelezo ya Waziri wa Kawi, Opiyo Wandayi, laini ya kutoka Loiyangalani ilikatika katika kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288 za upepo. Mara ikafuata laini kubwa inayoleta umeme wa Ethiopia, iliyokuwa na megawati 200. Jumla, megawati 488 zikaondoka kwa mkupuo mmoja, zaidi ya robo ya umeme uliokuwa ukitumika saa ile. Hakuna mfumo wa ukubwa wetu unaostahimili pigo kama hilo bila maandalizi maalumu.

Tukitazama matukio haya mawili makubwa, la 2023 na la Septemba 2024, ni kweli upepo umo ndani. Lakini kuwemo ndani si sawa na kuwa mkosaji. Tusisahau kwamba Juni 2016, miaka miwili kabla mradi wa Turkana haujaunganishwa, nchi nzima ilizimika kwa saa kadhaa kwa sababu tumbili mmoja alianguka juu ya transfoma katika kituo cha maji cha Gitaru. Tumbili alipona, gridi ikaanguka. Na Januari 2022 minara ya laini ya Kiambere kwenda Embakasi iliporomoka, tukaingia gizani bila upepo kuhusika. Gridi iliyoangushwa na tumbili ilikuwa na udhaifu wake wa zamani.

Jahazi na farumi yake

Ili kuelewa udhaifu huo, turudi kwenye jenereta ya mpwa wangu.

Umeme wa Kenya hupiga mapigo 50 kwa sekunde, Mandera hadi Vanga. Mapigo hayo ndiyo dalili ya afya ya mfumo. Watu wakiwasha vitu vingi kuliko umeme uliopo, mapigo hushuka, kama injini ile ilivyoguna friza iliposhika. Umeme ukizidi matumizi, mapigo hupanda. Kila sekunde, usiku na mchana, lazima kinachozalishwa kilingane na kinachotumika. Mizani ikipotea kwa kiasi kikubwa, mitambo huanza kujitoa mmoja baada ya mwingine ili isiharibike. Kila unaojitoa huongeza mzigo kwa waliobaki, nao hujitoa. Ndivyo nchi nzima inavyozimika ndani ya sekunde.

Mababu zetu waliosafiri kwa jahazi walijua siri moja. Jahazi lisilo na shehena halitoki bandarini hivi hivi. Huwekwa farumi, yaani mawe au mchanga katika ngama, ili likipigwa na wimbi lisipinduke haraka. Farumi hailisukumi jahazi, lakini hulipa nahodha nafasi ya kugeuza usukani na kulegeza demani.

Katika gridi, farumi ni yale magurudumu mazito yanayozunguka katika mabwawa ya Mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na katika mitambo ya mvuke ya Olkaria. Chuma kile cha tani nyingi hakisimami ghafla. Umeme ukipungua mahali, uzito wake unaendelea kuzunguka na kutoa nguvu kwa sekunde kadhaa, na sekunde hizo ndizo huwapa wadhibiti wa mabwawa nafasi ya kufungua maji zaidi.

Mitambo ya upepo ya kisasa haina farumi ya namna hiyo. Pangaboi lake linazunguka, ndiyo, lakini limeunganishwa na gridi kupitia vifaa vya kielektroniki. Vifaa hivyo hufuata amri ya programu. Programu ikisema toa umeme, hutoa. Ikisema volteji imezidi, jitoe, hujitoa papo hapo, bila kuguna. Umeme unaotoka Ethiopia nao hupitia vifaa vya aina hiyo kabla ya kuingia kwetu. Kwa hiyo asubuhi ile ya Septemba, robo ya umeme wa Kenya ilikuwa umeme usio na farumi, na wote ulikuwa unatua Suswa.

Ongeza jambo moja. Mradi wa Turkana una mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850, jumla megawati 310. Umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 kupita nyika hadi Suswa. Laini ndefu namna hiyo, inapobeba mzigo mdogo, huwa na tabia ya kupandisha volteji yenyewe. Na upepo wa Turkana huvuma kwa nguvu usiku na alfajiri, saa ambazo wengi wetu tumelala na matumizi yako chini. Ndiyo maana kudhibiti volteji upande ule si kazi ya kubahatisha.

Udhibiti imara ni nini?

Wahandisi wana elimu ya kukabiliana na hali hii. Inaitwa udhibiti imara. Jina linatisha, lakini wazo lake fundi yeyote atalielewa.

Kidhibiti cha kawaida hupangwa kwa hali moja. Mhandisi hukaa na kompyuta yake, akachukua picha ya gridi ilivyo saa mbili usiku, mabwawa yamejaa, laini zote ziko wima, kisha akapima na kukaza nati. Siku ikifanana na ile picha, kidhibiti hufanya kazi vizuri mno. Lakini siku ikiwa tofauti, bwawa limekauka, laini moja iko kwenye matengenezo, upepo umeruka kutoka megawati 40 hadi 280, amri ileile iliyokuwa dawa inaweza kuwa sumu. Badala ya kutuliza wimbi, inalikuza.

Udhibiti imara huanza upande wa pili. Mhandisi hukiri kwanza kwamba hajui kesho itakuwaje. Anaweka mipaka: upepo utakuwa kati ya hapa na hapa, laini hii inaweza kuwepo au isiwepo, mzigo wa usiku utakuwa kati ya kiwango hiki na kile. Kisha anatafuta kidhibiti ambacho hakitapindua jahazi katika hali yoyote iliyo ndani ya mipaka hiyo, hata iliyo mbaya kuliko zote.

Elimu hii ilizaliwa na mshtuko. Miaka ya 1960 na 1970 wataalamu walijivunia vidhibiti vilivyoitwa bora kabisa kwa hesabu. Mwaka 1978, John Doyle, aliyekuwa bado kijana, akaonyesha katika makala fupi sana kwamba kidhibiti bora kabisa kwenye karatasi kinaweza kukosa kabisa akiba ya usalama. Kosa dogo katika picha yako ya mtambo, na kila kitu kinayumba. Mwaka 1981 George Zames, wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Canada, akaweka msingi wa hesabu wa namna ya kubuni kwa kuangalia hali mbaya zaidi. Tangu hapo elimu hii imeingia katika ndege, viwanda, na sasa gridi za umeme zenye upepo na jua.

Ina gharama yake, na ni haki kuitaja. Kidhibiti imara hakiwi bora kuliko vyote katika siku ya kawaida. Ni kama nahodha anayepunguza tanga kidogo hata bahari ikiwa shwari, kwa kuwa anajua msimu. Atachelewa kufika Lamu kwa saa moja, lakini atafika. Na haiumbi umeme usiokuwepo. Ikiwa megawati 488 zimepotea na hakuna akiba mahali, hakuna programu duniani itakayozirudisha. Udhibiti unahitaji kitu cha kushika, iwe ni maji bwawani, betri, au mteja mkubwa aliyekubali kukatiwa kwa dakika chache.

Wenzetu walivyojifunza

Hili halikuanzia Kenya, wala si aibu ya Waafrika peke yao.

Tarehe 28 Septemba 2016, dhoruba iliangusha minara ya umeme katika jimbo la South Australia. Gridi ikapigwa mara kadhaa mfululizo. Mashamba tisa ya upepo yakapunguza megawati 456 ndani ya sekunde zisizozidi saba, na jimbo zima likaingia gizani. Wanasiasa wakalaumu upepo. Uchunguzi ukaonyesha kwamba mitambo ilikuwa na mpangilio ndani ya programu uliosema: ukitikiswa mara kadhaa kwa muda mfupi, jitoe. Msimamizi wa gridi hakuwa na habari ya mpangilio huo. Ulibadilishwa bila kung'oa hata pangaboi moja, na mwaka uliofuata jimbo likafunga betri kubwa ya megawati 100 pale Hornsdale.

Tarehe 9 Agosti 2019 ikawa zamu ya Uingereza. Radi ilipiga laini. Shamba la upepo la baharini la Hornsea lilipaswa kuvumilia, lakini mfumo wake wa udhibiti wa volteji ukaanza kuyumba na megawati 737 zikapotea. Kituo cha gesi nacho kikajitoa. Zaidi ya wateja milioni moja walikatiwa umeme, treni zikakwama. Lakini nchi haikuzimika. Mfumo ulikata kwa makusudi sehemu ndogo ya wateja, kama daktari anayekata kidole kuokoa mkono, na ndani ya dakika 45 hivi umeme ulikuwa umewarudia. Programu ya Hornsea ilirekebishwa kesho yake. Wenye shamba hilo na wenye kituo cha gesi walilipa pauni milioni 4.5 kila mmoja. Na ripoti ya msimamizi wa sekta ikatolewa hadharani, kila mtu aisome.

Tarehe 28 Aprili 2025, Uhispania na Ureno zilizimika zote kwa saa nyingi. Wachunguzi wa Ulaya walieleza kwamba volteji ilipanda, mitambo ikajitoa, volteji ikazidi kupanda, mingine ikajitoa. Mkenya anayekumbuka maelezo ya Agosti 2023 atatambua wimbo huo.

Fundisho ninaloliona katika visa vyote ni moja. Mitambo ya upepo ilikuwa inatii amri. Amri zenyewe ndizo hazikuandikwa kwa kufikiria siku mbaya, na waliosimamia gridi hawakuzijua au hawakuzijaribu vya kutosha.

Mkataba na usalama

Sasa turudi nyumbani, maana sisi tuna kidonda chetu.

Mkataba wa Turkana unaitaka Kenya Power ilipie umeme ulio tayari hata kama gridi haikuuchukua. Benki ya Dunia ilijitoa katika mradi huo mwaka 2012, ikihofia kwamba nchi italipia umeme isiouhitaji. Kweli, mitambo ilipokuwa tayari mwaka 2017, laini ya kwenda Suswa haikuwa imekwisha, kwa kuwa mkandarasi wa Uhispania alikuwa amefilisika. Tukalipa mabilioni ya shilingi kwa upepo uliokuwa unapita bure, hadi laini ilipowashwa Septemba 2018.

Fikiria basi mdhibiti wa zamu. Anajua kwamba kuchukua megawati 288 kupitia laini moja ni hatari kwa gridi ya ukubwa wetu. Usalama unamwambia apunguze hadi 200. Lakini kila megawati anayoikataa italipiwa, na juu yake atawasha mtambo wa dizeli ambao nao utaonekana kwenye bili ya mwananchi. Mkataba unamwadhibu nahodha kwa kupunguza tanga. Kwa maoni yangu hapo ndipo hatari ilipo, na hakuna hesabu ya udhibiti itakayoiponya isipokuwa mikataba nayo iandikwe kwa kuzingatia siku mbaya.

Wapo watakaosema: basi tuachane na upepo. Siafiki. Upepo hauhitaji mafuta yanayonunuliwa kwa dola. Mabwawa ya Tana hukauka kila mvua inapokosekana, na hapo ndipo upepo wa Turkana hutuokoa. Mvuke wa Olkaria ni imara, lakini haupandi na kushuka upesi. Kuukataa upepo kwa sababu ya giza la Ijumaa ni kuchoma nyumba ili kumfukuza panya.

Wengine watasema jawabu ni betri tu, tununue nyingi. Betri ni muhimu, nami nitazidai hapa chini. Lakini betri iliyofungwa na programu mbovu itajitoa saa ileile unayoihitaji, kama mitambo ya South Australia. Betri na udhibiti ni pete na kidole.

Pwani tunadai nini

Kwa nini mwandishi wa Mombasa ajishughulishe na Suswa? Kwanza, kwa sababu tuko mwisho wa waya. Umeme wetu mwingi hushuka kwa laini ndefu kutoka bara. Bara ikianguka, bandari ya Kilindini, hospitali zetu, barafu ya wavuvi wa Gazi na Shimoni, vyote vinaanguka pamoja. Pili, kwa sababu upepo unakuja kwetu. Mradi wa Baharini karibu na Mpeketoni, Lamu, wa megawati 90, umezungumzwa kwa zaidi ya muongo mmoja, ukikwama katika migogoro ya ardhi. Malindi tayari tuna jua la Langobaya. Makosa ya Loiyangalani yasihamishiwe Lamu, si ya waya wala ya ardhi. Oktoba 2021 mahakama huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa Turkana hazikutolewa kwa njia ya sheria. Mradi usio na msingi kwa wenyeji hauna farumi pia.

Naona mambo manne ya kudai.

La kwanza, kusiwe na laini moja wala kituo kimoja kinachobeba umeme mwingi kuliko akiba iliyopo ya kuufidia. Ikiwa akiba tayari ni megawati 150, basi kubeba 288 kwa laini moja ni kamari, na kamari tunajua hukumu yake. Suswa isiwe shingo ya nchi nzima.

La pili, mradi wowote mpya wa upepo au jua upimwe vidhibiti vyake kabla ya kuunganishwa, na upimwe kwa hali mbaya: laini imekatika, usiku wa manane, upepo umefika kilele. Mamlaka ya EPRA iwe na nakala ya mipangilio yote ya kujitoa, na isibadilishwe bila idhini.

La tatu, tupate betri na vifaa vya kutuliza volteji huku mwisho wa waya, na Pwani iandaliwe kusimama peke yake bara inapoanguka. Kipevu III ina megawati 120, Rabai ina 90. Mitambo hii ni ya mafuta na ni ghali kuiendesha kila siku, lakini siku ya tufani ndiyo mashua yetu ya kuokolea. Kwa betri na udhibiti ulioandikwa kwa kazi hiyo, Mombasa inaweza kujitenga na kubaki na mwanga hospitalini na bandarini wakati Nairobi inajipanga.

La nne, kila giza la kitaifa lifuatwe na ripoti kamili kwa umma katika muda uliowekwa na sheria, kwa Kiswahili na Kiingereza, yenye sekunde baada ya sekunde na jina la kampuni iliyokosea. KenGen huzalisha, KETRACO husafirisha, Kenya Power husambaza, na wawekezaji binafsi wana mitambo yao. Wanne wakiwa na mwana mmoja, kila mmoja husema si wangu anapoharibika. Ripoti ya wazi ndiyo itakayomaliza mchezo huo.

Mpwa wangu Kamakis hakungoja ripoti. Wiki ile alimwita fundi, akamwambia tatizo lake. Fundi hakumuuzia jenereta kubwa zaidi. Alifunga kifaa kidogo kinachozuia blenda kushika wakati friza inaanza, akakaza kidhibiti cha mafuta cha injini, na akaongeza betri moja chini ya meza. Nilipopita tena safari nyingine umeme ulikuwa umekatika, na watu walikuwa wanakunywa juisi. Injini iliguna, ikajikaza, ikaendelea.

Akaniambia, "Mjomba, si ilikuwa kupangwa tu." Nikamwambia ndiyo, mwanangu, pamoja na kujua mapema kwamba friza na blenda siku moja zitakutana. Wenye gridi nao wanajua. Ijumaa tatu zimeshawafundisha.